KUAGANA NI KUFANYA AGANO



Wazee walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii twaijua sote, nasi huitumia kila mara tukitaka kumhimiza mvivu. Lakini methali haikusema neno juu ya siku ya mwisho. Mgeni akiisha kulima, akataka kwenda zake, lile jembe alimkabidhi nani? Hilo ndilo neno tunalotaka kulinena leo. Maana huku kwetu Igowole, katika wilaya ya Mufindi, tumekwisha kuwaaga wageni wengi wa kazi waliotoka ng'ambo, nasi twaona kwamba kupokea twajua sana, bali kuaga bado hatujajua.

Hatuwasemi watalii, ambao hupita kama mvua ya rasharasha. Twawasema watu waliotumwa kuja kufanya kazi kwa muda uliopimwa: walimu, waganga, mabwana shamba na mafundi. Miongoni mwao tuliowazoea zaidi ni Wamarekani wa Peace Corps, jina ambalo vijijini kila mtu hulitamka kwa namna yake. Shirika hilo lilianzishwa na Rais John F. Kennedy tarehe 1 Machi 1961. Kundi lao la kwanza lilifika Tanganyika mwaka ule ule, kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa tarehe 9 Desemba. Walikuwa wapimaji wa ardhi, wahandisi na wajuzi wa miamba. Mwaka 1969 kazi yao ilikoma katika nchi yetu, na mwaka 1979 ikaanza tena. Tangu hapo wamekuja walimu wa hisabati na sayansi, na watu wa afya na kilimo, hata wakafika katika vijiji ambavyo gari hufika kwa shida wakati wa masika.

Muda wa kila mmoja wao ni miezi 27: miezi ya kwanza ni ya kujifunza Kiswahili na desturi, na miaka miwili iliyobaki ni ya kazi yenyewe. Wasomaji wapime wenyewe. Mtoto aliyezaliwa siku mgeni alipofika, siku mgeni aondokapo huwa ndiyo kwanza anaanza kuunga maneno. Mgeni naye ni vivyo hivyo. Mwaka wa kwanza huitikia "Kamwene" akicheka kwa haya. Mwaka wa pili amekwisha kujua nani ni nani, nani ana ugomvi na nani, na njia ipi haipitiki kwa utelezi. Akiisha kuwa mtu wa kufaa kweli, siku zake zimekwisha. Wala si kosa la mtu, ndivyo kazi ilivyopangwa. Kwa hiyo mtu aliyekuja kwa muda mfupi namna hii, kuaga kwake si jambo la siku ya mwisho. Ni sehemu ya kazi, kama vile kuvuna kulivyo sehemu ya kulima.

Basi na tutazame tunavyofanya. Habari zikisikika kwamba mgeni ataondoka, jambo la kwanza si kuuliza habari za kazi yake, bali habari za vitu vyake. Huyu ataka kitanda, yule ataka jiko, wa tatu amekwisha kuwaambia majirani kwamba baiskeli ni yake. Tumepata kumwona mgeni mmoja akifungiwa njia sokoni na watu watatu kwa siku moja, kila mmoja akisema, "Utaniachia nini?" Yule mtu alikuwa na huzuni ya kuondoka, nasi tukamzidishia nyingine, ya kujiona kwamba kumbe siku zote alitazamwa kama mzigo utakaofunguliwa.

Kisha huja karamu. Hapo hatuna lawama, maana karamu ni heshima. Kuku huchinjwa, ugali hupikwa wa kutosha, na ulanzi haukosi kwa wanywao. Mgeni huvishwa kitenge, hupewa kikapu kizuri cha milulu, na risala husomwa ikimsifu tangu mwanzo hata mwisho. Mgeni husimama, huulizwa atarudi lini, naye kwa kulemewa na wema hujibu, "Nitarudi." Watu hupiga makofi. Asubuhi gari huja, ukungu ungali umetanda, nayo huondoka. Kisha, je? Kisha hapana. Ofisini hakuna karatasi, shuleni hakuna daftari, na kila ajuaye sehemu ya kazi ile amekwenda na sehemu yake.

Lakini afadhali hata hivyo, kwa kuwa kuaga kulikuwako. Mwaka 2020 tulijifunza kwa uchungu kwamba yamkini mgeni asipate hata nafasi ya karamu. Siku ya Jumapili, tarehe 15 Machi 2020, Peace Corps ilitangaza kwamba watu wake wote waliokuwa kazini, katika nchi zote, warudi kwao kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Walikuwa watu wapata 7,000, katika nchi zaidi ya 60. Tangu shirika lile lianze, jambo kama hilo halikuwa limepata kutokea. Siku ya pili yake, tarehe 16, ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza ameonekana hapa Tanzania, na tarehe 17 Serikali ikafunga shule. Kwa siku tatu tu ulimwengu ulikuwa umegeuka.

Katika shule moja ya sekondari, ambayo hatutaitaja, alikuwako mwalimu mgeni wa hisabati na fizikia. Alipata amri kwa simu usiku. Asubuhi alionekana na begi moja mgongoni, macho mekundu. Jirani yake, bibi mmoja mtu mzima, akapewa ufunguo wa nyumba na kuku wanne. Wanafunzi hawakumwona. Madaftari ya kidato cha tatu yalikuwa juu ya meza, nusu yamesahihishwa, nusu bado.

Shule ilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni, mambo mawili yalidhihirika, nasi twaomba wasomaji wayatie moyoni, maana ndani yake umo ushauri wetu wote.

Jambo la kwanza ni habari ya maabara. Shule ile haikuwa na vyombo vya kutosha, na mgeni yule alikuwa akifanya majaribio kwa chupa tupu, mishumaa, nyaya kuukuu na betri za tochi. Walakini hakufanya peke yake. Tangu mwezi wa kwanza alikuwa na mwenzake, mwalimu wa hapa hapa, na kila jaribio walilitayarisha pamoja usiku na kulifundisha pamoja mchana. Basi shule ilipofunguliwa, mwalimu yule alizitoa chupa zile zile kabatini, akaendelea pale walipokomea. Wanafunzi walisikitika kwa mtu wao, lakini somo halikupotea hata siku moja.

Jambo la pili ni habari ya kompyuta. Zilikuwako nane, za msaada, ambazo mgeni alizitengeneza kwa mikono yake na kuzitunza kama mboni ya jicho. Neno la siri la kuzifungua alilijua yeye tu. Lilikwenda naye ndani ya kichwa chake. Chumba kile kikakaa kimefungwa miezi mingi, hata akaletwa fundi kutoka Mafinga, naye hakuwa na njia ila kufuta kila kilichokuwamo, pamoja na mazoezi na alama za miaka miwili.

Kosa ni la nani? Wengi walimlaumu mgeni. Sisi twaona haya kumlaumu, maana sisi wenyewe tuliingia chumba kile mara nyingi, tukiomba kupigiwa chapa barua za ofisi. Tulikaa kitini, tukapata tulichotaka, tukashukuru, tukatoka. Hata mara moja hatukuuliza, "Je, wewe usipokuwapo, nani atafungua?" Tulifurahia maziwa, wala hatukuuliza ng'ombe amefungwa wapi.

Hivyo basi, watu ni wale wale, shule ni ile ile, na mgeni ni mmoja. Kilichoshikwa kwa mikono miwili kilibaki, na kilichoshikwa kwa mkono mmoja kilikwenda na mwenye mkono. Wala jambo hili si geni katika nchi yetu ya Mufindi. Vita vya pili vya dunia vilipoanza mwaka 1939, Wajerumani waliokuwa na mashamba ya chai huku waliondolewa, na mashamba yakatiwa mikononi mwa wengine. Chai haikufa. Haikufa kwa sababu vidole vilivyojua kuichuma vilikuwa vya watu wa hapa.

Sasa twarudi kwa yule bibi. Asubuhi ile ya kuondoka alimwuliza kijana, "Mwanangu, utarudi lini?" Naye, akiwa na haraka na machozi, alimjibu, "Nitarudi mambo yakitulia, bibi." Kila alipopita ofisini kwetu, bibi alisimama mlangoni akauliza, "Karani, mwanangu hajaandika?" Nasi tukamjibu, "Bado, bibi." Neno hili "bado" ni neno jepesi mdomoni, lakini ni zito kwa anayelipokea, maana ndani yake limo tumaini. Tulimjibu hivyo mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, tukidhani kwamba ni adabu. Mwisho tukaona haya, tukamwambia kweli: kwamba muda wa kijana yule umekwisha, kwamba kwao ni mbali na nauli ni kubwa, na yamkini asirudi. Bibi alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mngeniambia mapema. Ningalimwombea safari njema nikamaliza. Nami nimekaa miaka mitatu nikimwombea arudi."

Ndugu wasomaji, maneno yale yalituchoma. Kijana hakusema uongo, alisema alichokitamani. Sisi ndio tuliokuwa na nafasi ya kusema kweli, tukakaa na "bado" yetu.

Lugha yetu ina hazina kubwa katika jambo hili, ila hatuitumii. Tuna "kwaheri ya kuonana," ya watu watakaokutana tena. Tuna "buriani," ya watu wasiojua kama watakutana, na katika buriani watu huombana radhi kwa yaliyopita. Zaidi ya hayo, tutazame neno lenyewe. Mtu mmoja huaga, lakini wawili huagana. Na kuagana kuna maana mbili, kupeana kwaheri na kupatana juu ya jambo. Humo ndimo lilimotoka neno "agano." Basi waliotuachia lugha hii walijua kwamba watu wawili hawaachani vizuri mpaka wamepatana: hiki nakuachia, hiki utanifanyia, hiki nimekukosea, unisamehe. Karamu bila mapatano ni kula tu.

Kwa hiyo twatoa mashauri manne kwa wenzetu walio katika ofisi za vijiji, kata, shule na zahanati, mahali popote wanapopokea wageni wa kazi.

Kwanza, mgeni asipewe kazi bila kupewa mwenzake wa kazi, mtu wa hapa, tangu siku ya kwanza. Mashirika mengi huomba mtu wa namna hiyo, nasi huandika jina lolote ili fomu ijae. Tusifanye hivyo. Jina hilo ndilo litakalobaki.

Pili, miezi mitatu kabla ya kuondoka liandikwe daftari la makabidhiano, kwa Kiswahili. Ziandikwe kazi zilizokwisha, kazi zilizo njiani, vyombo, funguo, maneno ya siri, fedha kama ziko, na jina la atakayeshika kila kitu. Mgeni atie sahihi, na mpokeaji atie sahihi. Watu wa Peace Corps, wakimaliza muda wao, huandika maelezo ya utumishi wao kwa Kiingereza, yakatunzwa na shirika lao. Ni jambo jema. Twaomba tu kwamba hayo yaliyofanyika hapa yasomeke na hapa pia.

Tatu, habari ya vitu. Mtu asimwombe mgeni kitu. Mgeni mwenyewe, kama apenda kutoa, na atoe mbele ya wazee, kitu kwa jina la mtu, ili kusiwe na ugomvi nyuma yake. Ni aibu mgeni kuondoka akisikia nyuma yake kelele za watu wanaogombea godoro.

Nne, kusema kweli. Mgeni asiseme "nitarudi" ila ana hakika. Na aseme, "Nikipata nafasi nitaandika," kisha aandike, hata mistari mitatu. Nasi wenyeji tusimlazimishe kuahidi kwa kumwuliza mbele ya umati. Tena katika risala zetu, baada ya sifa, tuweke swali moja: "Tulikukosea wapi, na kazi yetu umeionaje?" Mtu aliyekaa nasi miaka miwili ameona mengi ambayo sisi hatuyaoni kwa kuyazoea. Kumwacha aende nayo bila kumwuliza ni hasara.

Twajua watakaotupinga. Mmoja atasema, "Kumdai mgeni hesabu ni kukosa adabu." Twamjibu kwamba hesabu ni heshima. Usiyemdai hesabu ni mtoto, au ni mtu ambaye kazi yake huithamini. Mwingine atasema, "Hao ni watu wa kujitolea, hawakulipwa na sisi." Ni kweli, lakini vijana wetu walikaa darasani mbele yao miaka miwili, na miaka ya kijana ni mali ambayo haina benki. Wa tatu atasema, "Mbona ninyi watumishi mkihamishwa huondoka usiku?" Huyo ametupiga pale panapouma, nasi hatuna budi kukiri. Wangapi kati yetu tumeripoti mahali papya, tukakuta jalada tupu, kabati imefungwa na mwenye ufunguo yuko mkoa mwingine? Na wangapi tumemwachia mwenzetu hali ile ile? Haifai kumtaka Mmarekani afanye jambo ambalo sisi kwa sisi hatulifanyi. Mashauri yale manne yaanze na sisi.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la kuletewa. Martin Kayamba, karani, ambaye mwaka 1922 kule Tanga alianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Tanganyika, alitumwa London mwaka 1931 pamoja na Mtemi Makwaia na Francis Lwamugira, kutoa ushahidi juu ya shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa kazi ya ng'ambo, ya muda uliopimwa, kama ya hao wageni wetu. Alipoimaliza hakurudi akakaa kimya na kumbukumbu zake. Aliandika kitabu kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1932, kwa jina Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Lisomeni jina hilo tena polepole: tulivyoona, na tulivyofanya. Hayo ndiyo makabidhiano. Naye alikuwa karani kama sisi. Siku hizi vijana wetu huenda Marekani kufundisha Kiswahili katika vyuo kwa miezi tisa, na askari wetu hutumwa kulinda amani katika nchi za wengine. Nao ni wageni wa kazi huko. Twataka waagane vema na wenyeji wao, na wakirudi watueleze waliyoyaona na waliyoyafanya.

Twamaliza kwa habari njema kidogo. Mwaka uliopita tulimwaga mgeni mmoja wa kilimo. Karamu ilikuwa ndogo kwa sababu ya mvua. Lakini kabla ya chakula, yeye na mwenzake wa kazi walisimama, wakalisoma daftari lao kurasa sita: miche mingapi, mizinga mingapi, nani ana ufunguo wa stoo, nani bado anadaiwa mbegu. Wengine walipiga miayo. Mtu mmoja akauliza swali, likajibiwa. Mwisho mgeni akasema kwamba hajui kama atarudi, na kama kuna aliyemkosea amsamehe. Bibi wetu alikuwapo, amejifunika shuka kwa baridi. Alisimama, akamshika mkono, akamwombea safari njema. Kisha akaketi, akala.

Nasi tukaenda ofisini, tukalitia lile daftari kabatini, na ufunguo tukampa mwenzetu wa pili, awe nao.

Ni sisi watumishi wenzenu,
Karani, Igowole.